Jinsi ya kumfundisha mzee wako kupima presha mwenyewe na kutuma namba kwa simu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Hapa niko Walukuba, Jinja, nyumbani kwa mama, ana miaka 71, na leo sitapima mimi, atapima yeye. Maana sisi watoto tunanunua mashine ya presha, tunampima mzee wikendi tukija, halafu tunarudi zetu Kampala na mashine inakaa juu ya kabati mpaka tukirudi tena, mzee mwenyewe hajagusa hata batani moja. Kwa hiyo sheria ya hii vidio ni moja, mkono wako wewe usiguse mashine. Elekeza kwa mdomo tu.

Haya tuanze. Mashine chukua ile ya kufunga mkono wa juu, ile ya kifundo cha mkono inakosea kirahisi. Halafu angalia kitambaa chake kama kinamtosha, pima unene wa mkono wake wa juu kwa kuuzungushia futi ya fundi cherehani, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye kitambaa, vingi ni 22 mpaka 32. Kikiwa kidogo namba inapanda, na mzee anaweza kuongezewa dawa bure, kikiwa kikubwa inashuka.

Kabla ya kupima, nusu saa asinywe chai wala kahawa, asivute sigara, na aende choo kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini isikunjwe moja juu ya nyingine, atulie dakika 5 bila kuongea. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Siku ya kwanza mama alikuwa ametoka sokoni amevaa gomesi, lile gauni refu la mikono, akasukuma ule mkono wa nguo juu ukambana kama kamba, kitambaa juu yake, huku ananisimulia bei ya samaki. Mashine ikasema 168. Nilishtuka jamani, nikaita boda twende hospitali. Yeye akasema ngoja kwanza, akabadilisha nguo akakaa kimya, tukapima tena, 142. Kwa hiyo kitambaa kikae kwenye ngozi, vidole 2 juu ya mkunjo wa kiwiko, na wazee wa kanzu msikunje mkono wa kanzu, toeni mkono kabisa.

Sasa muangalie mama. Mkono ameuweka mezani, usawa wa moyo, chini kuna mto. Anabonyeza batani kubwa. Kitambaa kinajaa, kinabana kidogo, asiogope, asiongee. Mnaona inashuka... imelia. Namba ya juu, namba ya chini, na ile ya tatu ni mapigo ya moyo. Anasubiri dakika 1 anapima tena, zote mbili anaandika kwenye daftari na tarehe na saa. Daftari ni muhimu hata kama mashine inakumbuka yenyewe, betri zikiisha au mjukuu akichezea batani, namba zako bado ziko.

Simu sasa. Ingia kwenye alama ya gia, tafuta skrini, ongeza ukubwa wa herufi mpaka yeye aseme basi, usimwamulie. Nesi wake muweke juu kabisa kwenye WhatsApp na picha yake. Mama anapiga picha daftari anatuma, na kama macho yamechoka anashika alama ya maiki anasema namba kwa sauti. Kama simu ni katochi, ile ndogo ya batani, haina shida, mesej inatosha, na alamu ya dawa iko hata kwenye katochi, weka saa ileile kila siku. Rudia naye siku 4, 5, na akikosea muache arudi nyuma mwenyewe, usimnyang'anye simu.

Tafadhali msikilize hapa. Nyumbani ikizidi 135 kwa 85 siku nyingi mfululizo, peleka daftari kliniki, usiongeze wala kuacha dawa mwenyewe. Ikifika 180 kwa 120 apumzike apime tena, ikibaki hapohapo aende hospitali siku hiyohiyo. Lakini akiwa na maumivu ya kifua, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, usipime kitu, beba mzee mwende. Kwa swali la kawaida kuna laini ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066, na kijijini VHT wenu, yule mhudumu wa afya wa kijiji, anajua pa kuwaelekeza.

Na mwambie mzee mapema, hakuna nesi wala daktari anayehitaji PIN ya mobile money kusoma presha. Akiulizwa akate simu.

Nasogeza kamera muone daftari. Leo asubuhi, 134 kwa 82, mwandiko wake mwenyewe, na hapo anatuma.