Itupe kabla mahindi hayajachanua

Ahsante, mwenyekiti. Habari za 2004, za aflatoksini, ile sumu ya kuvu kwenye mahindi, sitazirudia. Hapa Makueni hakuna asiyezijua. Hapa na wilaya za jirani watu 317 waliugua, 125 wakafa, na mengi ya mahindi yale yalikuwa yamelimwa na kuwekwa na wenyewe nyumbani. Nimekuja kwa jambo moja tu, wakati wa kutumia Aflasafe, kinga ya sumu hiyo, na naona wanaonijua wameshaanza kucheka.

Kila msimu, mahindi yakishavunwa, yakishapukuchuliwa, yakishatiwa guniani, ndipo simu yangu inaanza kulia. "Mwalimu, nisaidie ile dawa ya aflatoksini nichanganye." Kuna mzee aliniita kwake nikaone kazi yake. Alikuwa amenunua Aflasafe, akaiweka vizuri mpaka mavuno, kisha akaimwaga yote kwenye mahindi na kukoroga kwa koleo. Nikachota konzi moja: mahindi meupe, mtama wa buluu katikati. Nikamwuliza, "Mzee, sasa tutachagua punje kwa punje?" Mkewe akadakia, "Kuku watachagua!" Hapana, mama, kuku nao wasipewe. Mzee simlaumu. Amezoea dawa ya dumuzi, yule mdudu wa ghalani, ambayo kweli huchanganywa na mahindi makavu, na aliyemwuzia alipokea pesa akanyamaza.

Ile si dawa ya ghala. Ni kuvu hai! Mtama umechomwa ili usiote, ukapakwa spora, yaani chembe za kuzaliana, za kuvu iitwayo Aspergillus flavus, aina nne zilizopatikana humu humu Kenya, ambazo kwa maumbile yake haziwezi kutengeneza sumu. Unautupa shambani kwa mkono wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajachanua. Udongo ukiwa na unyevu, rudi baada ya siku chache, uiname. Utaona punje ya buluu imevaa manyoya ya kijani. Usishtuke, hiyo ndiyo kazi uliyoilipia. Kutoka hapo upepo na wadudu huzibeba spora mpaka kwenye ndevu za mahindi. Kuvu yenye sumu ikija, inakuta matatu imeshajaa. Lakini abiria wako lazima wapande kwanza! Ukingoja mpaka suke likomae, viti vina wenyewe.

Najua kuna mtu anajiuliza, mwalimu huyu ana wazimu, anatuletea kuvu mashambani? Bwana, kuvu imo katika udongo wako tangu hujazaliwa, yenye sumu na isiyo na sumu. Tunachobadilisha ni ipi iwe nyingi. Na haikuingia madukani kwa mlango wa nyuma, ilisajiliwa nchini 2015, na kiwanda kiko hapo Katumani kwa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo.

Mwingine atasema, mimi nitapika ugali uive sana. Pika mpaka sufuria itoboke, sumu hii haimalizwi na moto wa jikoni. Muthokoi, mahindi ya kukobolewa? Hapo una hoja, maana ukikoboa, sehemu ya sumu hutoka na pumba. Halafu pumba unampa nani? Ng'ombe. Na maziwa unampa nani? Imekurudia mezani. Tena usiniambie utayatambua mahindi mabaya kwa macho, maana sheria inaruhusu sehemu 10 tu kwa bilioni. Macho gani hayo?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: kilo 4 kwa ekari. Palilia kwanza ndipo utupe, maana ukipalilia baadaye unaizika. Udongo mkavu, subiri mvua. Na kutumia kuvu njema hakukupi ruhusa ya kuanika mahindi chini kwenye vumbi. Tandika turubai, yakauke mpaka unyevu ushuke asilimia 13 hivi. Fusari ni kuvu nyingine yenye sumu nyingine, na Aflasafe haikutengenezwa kwa ajili yake. Trikoderma, kuvu njema nyingine, nilitaka kuigusa, lakini naona chakula kimeshaanza kupakuliwa.

Mliopanda mbegu ya Katumani, ile ya kukomaa mapema, msimwangalie jirani aliyepanda ya kuchelewa. Yenu yatachanua mbele yake, kwa hiyo hesabuni wiki zenu wenyewe.