Kutengeneza ngoma kwenye kompyuta ya nyumbani: futa 16, weka 12 (mhadhara, Bagamoyo)

Shikamooni wazee wangu mliokuja, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Sogeeni mbele basi, leo kusikiliza ni kwingi kuliko kuangalia.

Mmeomba niongelee namna ya kuanza kutengeneza biti, yaani mdundo wa wimbo, nyumbani. Haya, kwanza tuondoe hofu. Huhitaji studio, huhitaji kinanda, laptopu ya zamani inatosha kabisa maana ngoma ni sauti fupi fupi, haziilemei mashine. Tafuta hedifoni za waya tu. Narudia, za waya, kwa sababu zile za bluetooth zinachelewesha sauti, unabonyeza sasa hivi mlio unakuja nyuma yake, na mtu aliyezoea ngoma anaushtukia uchelewaji huo hata ukiwa mdogo.

Sofwea niliyoifungua hapa inaitwa Hydrogen, ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux. Najua wengi wenu mko na FL Studio, ile iliyoanza 1997 kule Ubelgiji ikiitwa FruityLoops, sio mbaya, yote nitakayosema mtayakuta na huko kwa sura nyingine. Zinafanana kwa sababu zimetoka kwenye mashine za zamani za kupiga ngoma. 1980 Roland wa Japani walitoa TR-808, sauti zake zinatengenezwa na umeme wenyewe ndani ya mashine, na mwaka huo huo Roger Linn kule Marekani akatoa LM-1 ambayo yeye aliijaza ngoma halisi zilizorekodiwa. Shikeni hiyo ya Linn, nitaifikia.

Sasa angalieni skrini. Kushoto majina ya vyombo, kiki ile ngoma nzito ya mguu, sneya ile yenye mlio mkali, haihati vile visahani, na kulia mstari wa viboksi 16. Mapigo manne, kila pigo limekatwa mara nne. Tempo, yaani mapigo kwa dakika, ikiwa 120 kila pigo ni nusu sekunde, kwahiyo kila kiboksi ni milisekunde 125. Weka kiki kwenye 1, 5, 9 na 13, sneya kwenye 5 na 13, haihati ruka kimoja kimoja, bonyeza play. Mnasikia? Hiyo tayari ni biti, na mtu yeyote humu ndani anaiweza kabla chai haijapoa.

Ila wengi wanaishia hapo hapo, na ndio sababu nimekuja. Utasikia kijana anasema bwana mi nimejaribu kuweka ngoma ya nyumbani kwetu kwenye kompyuta imekataa, inakuwa kama imevaa viatu vya mtu mwingine. Haijakataa jamani! Gridi uliyopewa, yaani vile viboksi, imekatwa kwa nne, na ngoma zetu nyingi za pwani zinatembea kwa tatu, sikilizeni chakacha inavyokwenda. Ukilazimisha tatu ziingie kwenye nne lazima pigo moja lisogezwe pasipo pake, na ndilo hilo hilo linalochezesha kiuno.

Tujaribu wote. Mguu wa kulia chini taratibu, nne, usisimame. Sasa makofi sita ndani ya nne hizo hizo, mguu usibadilike... eeh dada yangu pale umeshapata, endelea, wengine mfuateni huyo. Mguu na kofi vinakutana pale mwanzo, vinaachana, vinakutana tena katikati. Mnachopiga sasa hivi nakiandika kwenye mashine. Nabadilisha ukubwa wa paterni, yaani ule mstari mzima, kutoka viboksi 16 kuwa 12. Mguu nauweka kwenye 1, 4, 7 na 10, makofi kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Vinakutana kwenye 1 na 7, si ndio mlivyosikia miilini mwenu? Imeingia yote, hakuna pigo lililosukumwa.

Kuna mtego mmoja hapa, andikeni. Programu haijui kwamba umeamua kuhesabu kwa tatu, yenyewe bado inaona pigo moja ni viboksi vinne. Kwahiyo ukitaka mguu wako utembee 120 kwa dakika, tempo uandike 90. Chukua mwendo unaoutaka, zidisha mara tatu, gawa kwa nne. Na metronomu, ule mlio wa kuhesabia mapigo, izime, maana itakugongea kila baada ya viboksi vinne na itakuvuruga mwanzoni.

Kitu cha pili ni nguvu ya mkono. Chini ya gridi kuna vijiti, kila pigo na kijiti chake, kijiti kirefu umepiga kwa nguvu, kifupi umegusa. Mtu mpya anaviacha vyote sawa halafu anashangaa mbona inachosha masikio. Mpigaji wa chapuo, ile ngoma ndogo, hapigi mara mbili kwa nguvu moja, mwangalieni mkono wake, pigo moja linasema na linalofuata linanong'ona. Kaa na vile vijiti nusu saa nzima ikibidi, mi naamini kazi yenyewe iko hapo kuliko kwenye kutafuta sauti mpya kila siku. Kwenye mikisa, pale pa kupangia sauti, kuna na vitufe vya kulegeza kidogo muda na nguvu ili isinyooke mno, lakini kwanza fanya kwa mkono wako.

Sasa turudi kwa Linn, yule aliyejaza mashine ngoma zilizorekodiwa. Sauti zilizomo kwenye programu ni za dramu za bendi na za mashine kama ile 808, ngoma zetu hazimo, chapuo hamna, vumi hamna, msondo hamna. Rekodi mwenyewe! Simu inatosha, chumba chenye godoro na mapazia, feni zima. Piga kwa upole, piga wastani, piga kwa nguvu, katikati ya ngozi na pembeni. Ingiza kwenye Audacity, programu ya bure ya kukatia sauti, kata kila pigo peke yake, na ukimya wa mbele uutoe wote, kwa sababu ukibakiza hata milisekunde 50, kwenye ile tempo 90 kiboksi kimoja ni kama 167, basi umechelewa karibu theluthi ya kiboksi na utailaumu kompyuta bure. Hifadhi kama WAV, aina ya faili la sauti. Hydrogen inakubali kupanga sauti kadhaa kwenye chombo kimoja, kijiti kifupi kiite lile pigo la upole, kirefu kiite la nguvu.

Na nyie wa hapa mna bahati kubwa, TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko mjini kwenu, tangu ikiitwa Chuo cha Sanaa, 1981, watu wanafundishwa ngoma hapa. Nenda kwa mpigaji, mwombe ruhusa, mwambie unarekodi kwa ajili gani, mlipe, na jina lake uliandike kwenye kazi yako.

Kuna kaka ameuliza pale nyuma, kwanini asidaunilodi tu ngoma zilizokwisha kutengenezwa. Unaweza kaka, kwa kujifunzia sawa. Lakini hizo zimekuja na mkono wa mtu mwingine na kwa sehemu kubwa zimekatwa kwa nne, utakuwa unaazima mwendo ambao mtaani kwenu haupigwi.

Haya, hifadhini kazi mara kwa mara umeme usije ukakatika, mkimaliza toeni WAV. Dada wa makofi, njoo ukae kwenye mashine uweke sauti ya tatu.