Ndoo ya Mchanga na Puto: Hipnosi Bila Mazingaombwe

NEEMA: Haya karibuni tena, leo tuko wawili tu, mimi Neema na huyu kaka yangu Juma ambaye leo kavuta kiti chake kakaa kule mbali sijui anaogopa nini.

JUMA: Naogopa ndiyo! Umeniambia mada ni hipnosi, sasa nikukaribie ili iweje, nikianza kuwika kama jogoo hapa hewani heshima yangu utanirudishia wewe?

NEEMA: Jogoo! Kila nikitaja hili neno watu wanakimbilia jogoo, yule wa maonyesho ya jukwaani anayewafanya watu wawike, wakati hipnosi ni kumwongoza mtu kwa maneno azame kwenye jambo moja mpaka maneno yenyewe yanabadilisha anachohisi. Basi tuanzie hapohapo, nyoosha mikono yote miwili mbele usawa wa mabega, na nyie mnaosikiliza fanyeni, ila kama unaendesha gari niache kabisa. Fumba macho. Mkono wa kulia umeshika ndoo ya mchanga. Wa kushoto umefungwa puto kubwa linavuta juu. Mchanga unaongezwa... unaongezwa tena... puto linavuta... Fumbua.

JUMA: Iko palepale yote miwili! Nimeshinda.

NEEMA: Hujashinda kitu, haya si mashindano bwana. Kuna mtu hapo mkono wa kulia ungekuwa unakaribia goti na angekuapia hajaushusha yeye, umeshuka wenyewe. Hiyo hali ya kuhisi kitu kinajifanya chenyewe ndo alama kubwa ya hipnosi. Mwaka 1959 pale Chuo Kikuu cha Stanford, wanasaikolojia Weitzenhoffer na Hilgard walitengeneza kipimo chenye vijaribio 12 vya aina hii, unapata alama kwa kila kimoja. Wengi wanaangukia katikati. Wenye alama za juu kabisa ni kama asilimia 10 mpaka 15, na wale ambao hawaguswi kabisa wanakaribia idadi hiyohiyo.

JUMA: Mi nipo kwa wale mawe.

NEEMA: Inaelekea, ingawa kijaribio kimoja hakitoshi kukuhukumu. Na ukiwa jiwe leo huenda ukabaki jiwe, maana watu walipimwa Stanford wakapimwa tena baada ya miaka 25 na alama hazikuhama sana. Ni kama sikio la muziki tu, mwenye nalo analo.

JUMA: Ngoja kwanza, kwa hiyo nguvu iko kwa anayefanyiwa na siyo kwa yule mwenye macho makali na saa inayoning'inia?

NEEMA: Hapo ndo penyewe! Yule wa jukwaani unafikiri anafanyaje? Anaanza na ukumbi mzima, mikono juu, ndoo, puto, anaangalia nani mkono umeshuka. Wa aina yako anawarudisha kwenye viti kwa upole kabisa, anabaki na wenye kipaji na wale ambao walikuwa wanatafuta sababu ya kupanda jukwaani tangu asubuhi. Jogoo hakutoka kwake, kachagua tu mtu ambaye jogoo yupo tayari.

JUMA: Hahaha, haya. Lakini si kuna yule jamaa wa zamani, Mesmer, aliyesema ni sumaku?

NEEMA: Ndiyo, Paris, alidai kuna majimaji fulani ya sumaku yanapita mwilini na yeye anayaongoza. Watu wakawa wanazimia kweli, wanatetemeka, wengine wanasema wamepona. Mfalme Louis wa 16 akaunda tume mwaka 1784, ndani yupo Benjamin Franklin na Lavoisier yule wa kemia. Wakamchukua kijana wa miaka 12, wakamfunga macho wakamzungusha bustanini kwa Franklin kwenye miti, mmoja ndo umetiwa hiyo sumaku. Kijana akazimia kwenye mti wa nne.

JUMA: Na sumaku ilikuwa...

NEEMA: Mti mwingine kabisa! Tume ikasema sumaku hakuna, ni kazi ya fikra tu, wakafunga faili wakaenda zao. Mi hapo huwa naumia, maana swali tamu ndo lilikuwa limeanza: kama fikra peke yake inamwangusha mtu chini, inaweza kufanya nini kingine? Ikabidi asubiriwe daktari wa Manchester, James Braid, miaka ya 1840, ndo aliyelieneza jina hili kutoka neno la Kigiriki la usingizi. Na hapo akatuharibia, kwa sababu siyo usingizi. Mwenyewe baadaye alitaka kulibadilisha jina ila lilikuwa limeshaenea.

JUMA: Si usingizi kivipi, mbona wanafumba macho wanalegea?

NEEMA: Wanalegea lakini mawimbi ya ubongo siyo ya mtu aliyelala. Anakusikia, anajua yuko wapi, hataki kitu anakataa. Ni umakini uliobanwa sehemu moja mpaka vingine vyote vinarudi nyuma, kama ukizama kwenye hadithi mtu anakuita mara tatu husikii. Mwaka 2016 hao hao wa Stanford waliwaweka watu 57 kwenye MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, na kwa wale wenye kipaji wakati wa hipnosi ile sehemu ya ubongo inayokaa kama mlinzi, inayoangalia kipi cha kuhangaikia, ilipoa.

JUMA: Sawa ila utajuaje siyo maigizo? Mtu anataka kumfurahisha daktari, anakwambia hahisi.

NEEMA: Swali zuri sana hilo. Kuna jaribio nalipenda, chukua neno KIJANI uliandike kwa wino mwekundu halafu mwambie mtu ataje rangi ya wino. Lazima asitesite, maana jicho lishasoma. Mwaka 2002 mtafiti Amir Raz na wenzake waliwaambia kwa hipnosi watu wa alama za juu kuwa maneno watakayoona ni michoro ya lugha ya ajabu wasiyoijua. Kile kigugumizi kikaondoka. Sasa hebu jaribu kuigiza hujui kusoma uone kama utaweza, kusoma hakukuombi ruhusa.

JUMA: Aisee. Hilo limenikata.

NEEMA: Na maumivu je? Mwaka 1997 mtafiti Rainville na wenzake walifanya jaribio, watu wanatia mkono kwenye maji ya moto nyuzi 47, moto wa kuuma kweli. Kwa hipnosi wakaambiwa yanakera zaidi, au hayakeri sana. Maji ni yaleyale! Sehemu ya ubongo inayopokea joto lenyewe haikubadilika, ila ile inayosema "hiki kinaniudhi" ilipanda na kushuka kufuata maneno. Yaani uchungu na kuteseka na uchungu vinakaa vyumba viwili tofauti, na hipnosi ina ufunguo wa hicho cha pili.

JUMA: Ndo maana hospitali wanaitumia?

NEEMA: Liège kule Ubelgiji tangu 1992 wanapasua watu, tezi la shingoni kwa mfano, kwa hipnosi pamoja na ganzi ya sehemu ileile na dawa kidogo za kutuliza, mgonjwa hazimishwi. Zingatia hilo "pamoja", wasije wakasema Neema kakataza ganzi. Kuna utafiti pia wa 2007 wa wanawake 200 waliokuwa wanapasuliwa matiti, dakika 15 tu za hipnosi kabla, wakahitaji dawa pungufu kuliko wasiofanyiwa, maumivu na kichefuchefu baadaye vikapungua.

JUMA: Na tumbo? Ulinigusia tumbo kabla hatujaanza.

NEEMA: Eeh, lile tumbo la IBS, leo unaharisha kesho choo hakuna, vipimo vyote safi na watu wanakwambia unajidekeza. Daktari Whorwell kule Manchester mwaka 1984 alijaribu hipnosi kwa wagonjwa 30 walioshindikana. Unaweka mkono tumboni, unahisi joto, unaona mto unaopita taratibu bila kukwama, na unarudia mwenyewe nyumbani. Leo NICE, wanaotoa miongozo ya tiba Uingereza, wanasema ifikiriwe kama dawa zimekaa miezi 12 hazijasaidia.

JUMA: Sigara? Maana meseji zote ni sigara.

NEEMA: Sigara hapana... yaani ushahidi mpaka sasa ni dhaifu, anayekuhakikishia kikao kimoja umeacha anauza. Na kabisakabisa msikubali kupelekwa kwenye hipnosi "kukumbuka" mambo ya utotoni. Kumbukumbu siyo video. Mtu anatoka na mambo ambayo hayakutokea na ana uhakika nayo kuliko mwanzo, familia zimevunjika kwa hilo, na ndo sababu mahakama Marekani zikaanza kuogopa ushahidi wa hivyo.

JUMA: Sasa mtu akitaka kwa ajili ya maumivu au tumbo, anamjuaje wa kweli?

NEEMA: Muulize tu, bila hipnosi ungeweza kunitibu tatizo hili? Kama ni daktari au mwanasaikolojia au mtu wa meno atasema ndiyo, hipnosi ni kifaa kimoja kwenye mkoba wake. Kama hana kingine mkobani, ondoka. Nyie wa ndoo na puto tuandikieni mkono gani ulienda wapi. Na wewe kaka, sogeza hicho kiti sasa.

JUMA: Nimesogeza tangu kwenye maji ya moto, hukuniona tu.