Fanusi ya Karatasi Inayopaa: Moto Ubaki Chini

SALMA: Assalamu alaikum wasikilizaji. Maulidi ikikaribia, swali hili hurudi kila mara: zile fanusi za karatasi zinazopaa, kama zile za Pingxi kule Taiwan na Chiang Mai kule Thailand, zaweza kutengenezwa hapa Lamu? Kaka Athman, tuanzie hapo.

ATHMAN: Waalaikumu salaam, Bi Salma. Kutengenezwa zaweza, tena kwa vitu vya hapahapa. Kurushwa zikiwa na moto ndani yake, hapana. Tazama paa za makuti kule Langoni, tazama vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana lazima mmoja angoje. Gari la zimamoto litapita wapi? Fanusi ya kawaida ni mfuko wa karatasi wenye pete chini, na katikati ya pete kuna kipande cha pamba au karatasi kilicholoweshwa nta. Kinawaka dakika kadhaa, fanusi inapaa, kisha inashuka popote upepo ulipoamua. Aliyeiwasha hana tena mamlaka nayo.

SALMA: Na haya yameshatokea. Uingereza, mji wa Smethwick, usiku wa kuamkia Julai mosi 2013, fanusi moja ilitua kwenye uwanja wa plastiki za kurejelezwa, ukazuka moto mkubwa sana. Ujerumani nako, usiku wa kuamkia mwaka 2020, nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Krefeld iliteketea na wanyama zaidi ya 30 wakafa. Chanzo kilikuwa fanusi, na kule zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku.

ATHMAN: Ndiyo maana leo tunaeleza ile ambayo moto wake unabaki chini. Hewa inapashwa moto kwenye jiko la makaa, karatasi inajaa, inapaa ikiwa imefungwa uzi, inapoa, inashuka. Ndugu wa Montgolfier wa Ufaransa waliporusha puto lao mbele ya watu pale Annonay tarehe 4 Juni 1783, puto lile la kitambaa na karatasi lilijazwa kwa moto uliowashwa ardhini. Halikubeba moto.

SALMA: Kwa hiyo wasikilizaji wajue mapema: hii haikai juu robo saa.

ATHMAN: Haikai. Karatasi nyembamba hupoteza joto haraka. Dakika moja au mbili, basi. Lakini unaijaza tena na tena jioni nzima, na hakuna paa la mtu linaloingia hatarini.

SALMA: Sasa karatasi. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kabla hata ya kushika mkasi.

ATHMAN: Tumia karatasi ya shashi, ile nyepesi ya kufungia zawadi. Nzuri ina uzito wa gramu 18 hivi kwa mita moja ya mraba. Karatasi ya gazeti ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na ya kuandikia ni gramu 80. Kwa kipimo tunachokitoa leo, fanusi ya gazeti itakuwa na gramu 160 peke yake na haitapaa hata uiombee dua. Kama huna uhakika na shashi uliyouziwa, chukua karatasi kumi za sentimita 50 kwa 75, uzipime kwenye mizani ya duka. Zikikaribia gramu 70, chukua. Zikifika 100, warudishie.

SALMA: Zinahitajika ngapi?

ATHMAN: Kumi na sita, na mbili za akiba. Unaunganisha mbili mbili kwa urefu, zikipandana sentimita 2, unapata utepe wa sentimita 148. Tepe ziwe nane. Kisha tengeneza kiolezo cha kadibodi. Kalamu tayari? Piga mstari wa katikati wa sentimita 148. Juu kabisa upana ni sifuri, ncha kali. Ukishuka sentimita 20, upana ni 15. Kwenye 40, upana 28 na nusu. Kwenye 60, 38. Kwenye 80, 42. Hapo ndipo tumbo. Kwenye 100 unarudi 39, kwenye 120 ni 31, na mwisho, kwenye 148, upana ni 16. Kila kipimo ugawe nusu kulia, nusu kushoto. Unganisha nukta kwa mkunjo laini, usipige rula, kwa sababu kila kona utakayoiacha itakuwa kunyanzi, na kwenye kunyanzi gundi haishiki.

SALMA: Na ukingo wa gundi?

ATHMAN: Sentimita 1.5, upande mmoja tu wa kipande. Panga tepe zote nane pamoja, zibane kwa vibanio vya nguo, ukate mara moja kwa wembe mpya. Ukikata kimoja kimoja vitatofautiana, na fanusi isiyo sawa huinama, ikiinama inamwaga hewa ya moto mdomoni.

SALMA: Gundi mimi nitaisema, maana hapa nina msimamo. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri, lakini hulegea kwenye joto, na mshono ulio karibu na mdomo ndio unaopigwa na joto kuliko yote. Uji wa unga haulegei. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano, vijiko vinane vya maji. Koroga kwanza kwenye maji baridi mpaka madonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo, usiache kukoroga, mpaka uzito uje na weupe wake upungue. Unga wa muhogo hutoa gundi angavu zaidi. Uache upoe kabisa. Na upake kidogo! Shashi ikilowa inachanika, tena ile ya rangi kali huchuja na kuchafua ya jirani yake.

ATHMAN: Na uji ni chakula cha mende, kwa hiyo fanusi isilale chini usiku. Sasa kuunganisha. Laza kipande cha kwanza, juu yake kipande cha pili, ukingo wa gundi wa cha kwanza utokeze nje upande wa kulia. Paka, kunja ukingo juu ya cha pili, pitisha kitambaa kikavu. Kipande cha tatu juu ya cha pili, safari hii ukingo wa cha pili utokeze kushoto. Unakwenda hivyo kulia, kushoto, mpaka cha nane, na kila mara unaweka karatasi ya plastiki katikati ili gundi isivuje ikashika tabaka la chini. Ukimaliza una kitabu kilichokunjwa. Mshono wa mwisho unaunganisha cha nane na cha kwanza, nao ndio mgumu, kwa sababu huna tena mahali pa kuulaza. Ingiza ubao mwembamba ndani, ufanyie kazi juu yake.

SALMA: Utosini je? Ncha nane zikikutana hazifungi kabisa.

ATHMAN: Hazifungi, na hewa ya moto yote inakimbilia hapo. Kata duara la shashi la sentimita 12, libandike juu. Kabla ya kulibandika, pitisha kitanzi kidogo cha uzi wa pamba katikati yake. Kitanzi hicho ndicho kitakachoning'inizwa kwenye upondo, yaani mti mrefu, wakati wa kujaza.

SALMA: Pete ya mdomo. Wengine wanatumia waya.

ATHMAN: Waya usitumike. Lamu ina punda wanaokula wanachokikuta njiani, na kipande cha waya tumboni mwa punda ni mauti. Tumia chelewa, njiti za ukuti wa mnazi, zile zile tunazofungia tiara. Mdomo una mzunguko wa sentimita 128, basi chelewa mbili au tatu, zipandane sentimita 5 kila ungio, zifungwe kwa uzi. Kunja ukingo wa shashi juu ya pete, ubandike. Pete ina gramu 4 au 5, na uzito huo una kazi: ndio unaoshikilia mdomo uangalie chini. Ukiipunguza sana fanusi itapinduka.

SALMA: Tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo mtu anapoelewa kwa nini asubuhi inapaa na adhuhuri inakataa.

ATHMAN: Fanusi ya vipimo hivi ina ujazo wa karibu mita 0.6 za ujazo. Karatasi, gundi na pete ni gramu 75 kwa jumla. Alfajiri, hewa ya nje ikiwa na nyuzi joto 25, mita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1,180 hivi. Ile ya ndani ikifika nyuzi 70, uzito unashuka hadi 1,030. Tofauti ni gramu 150 na kidogo kwa kila mita, yaani fanusi yetu inapata nguvu ya gramu 93. Toa 75, zinabaki 18. Inapaa kwa raha. Sasa nenda saa saba mchana, nje nyuzi 32, ndani nyuzi 70 zile zile. Nguvu ni gramu 77. Imebaki gramu mbili! Gundi ikizidi kidogo, au karatasi ikinywa unyevu, hakuna safari.

SALMA: Na mtu akitaka ibebe zaidi?

ATHMAN: Aikuze. Ukizidisha vipimo vyote mara mbili, karatasi inaongezeka mara nne, lakini hewa inaongezeka mara nane. Ndiyo maana fanusi ndogo za kuchezea watoto hazipai kwa joto la chini, karatasi inazishinda.

SALMA: Unyevu umeutaja. Huku pwani hilo ni jambo zito.

ATHMAN: Sana. Shashi iliyolala nje usiku inanywa umande, inaongezeka uzito na inalegea. Ihifadhi ndani ya kopo au ndoo yenye kifuniko. Siku ya kuirusha, ikaushe kwa kuipitisha juu ya jiko, mbali, kabla hujaanza kuijaza. Kisha itafute matundu: mtu mmoja apulize hewa kwa kipepeo, mwingine aiangalie dhidi ya jua. Kila tundu utaliona. Kiraka cha shashi, gundi kidogo, basi.

SALMA: Kujaza kwenyewe.

ATHMAN: Watu watatu. Makaa yawe yameiva, mekundu, hayatoi moshi wala cheche. Juu ya jiko simamisha debe mbili za lita 20, zimekatwa juu na chini, moja juu ya nyingine. Hilo ni dohani. Linainua hewa ya moto na kuitenga na makaa. Mdomo wa dohani ufunikwe wavu wa waya wenye matundu madogo kuzuia cheche. Mtu mmoja anashika upondo wenye kitanzi cha utosi, wawili wanashika pete kuzunguka debe bila karatasi kugusa bati. Karatasi huanza kuwaka kwenye nyuzi 230 hivi, na bati lililo juu ya makaa linaweza kuzidi hapo. Ndoo ya mchanga na ndoo ya maji ziwe karibu, watoto hatua kumi nyuma. Na kazi hii ni ya nje peke yake, Bi Salma. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu; ndani ya nyumba inaua.

SALMA: Mtu anajuaje kwamba imejaa?

ATHMAN: Makunyanzi yanaisha kuanzia juu kushuka chini. Kisha upondo unakuwa hauna kazi, kitanzi kinalegea. Usiiachie hapo. Subiri mpaka pete ianze kuvuta vidole juu. Wengi wanaachia mapema, inapanda mita mbili na kurudi juu ya jiko, inaungua.

SALMA: Upepo?

ATHMAN: Ukiona majani ya mnazi yanatikisika, funga kazi. Kaskazi inapovuma, Desemba mpaka Machi, na kusi katikati ya mwaka, nafasi ni ndogo. Labda alfajiri kabla upepo haujaamka. Miezi ya maleleji, kaskazi na kusi zinapopokezana, ndiyo yake. Nenda ufukwe wa Shela, mbali na nyumba, maji yakiwa yametoka.

SALMA: Na uzi usisahauliwe. Kiwanja cha ndege kiko Manda, ng'ambo tu ya mkondo. Kitu kinachopaa bila kufungwa karibu na njia ya ndege si cha kuamua wenyewe kijijini. Lazima kupata idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Kwa hiyo uzi wa pamba wa cherehani, mita 20, ufungwe sehemu tatu za pete na kukutana katikati. Ukifunga sehemu moja, uzi ukivutwa mdomo unainuka na hewa inatoka. Nailoni tusiitumie, ikikatika inabaki baharini, na kasa wako pale.

ATHMAN: Anayetaka mwanga wa usiku aning'inize kibalbu cha LED na betri bapa ya saa katikati ya pete, kwa nyuzi tatu. Vyote viwili ni gramu 4 hivi, na tuna 18. Shashi nyeupe au ya manjano inang'aa vizuri. Nyekundu na buluu zinameza mwanga. Ikishuka, ishike kwa pete, usiishike tumbo, uitoe hewa taratibu kwa kuilaza ubavu, kisha uikunje kwa mikunjo ile ile ya kitabu. Betri uitoe kabla ya kuihifadhi, na uifiche mbali na watoto. Mtoto akiimeza inamchoma koo, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.