Umaliziaji: rundo la diski, au diski moja?

KASIMU: Haya, tuko hewani na gofu ya diski, mchezo wa kutupa diski mpaka iingie kwenye kikapu chenye minyororo. Dada Zuhura, kabla hujaniuliza habari za wiki, nikwambie tu: Mzee, diski yangu kongwe ya kumalizia, amepasuka.

ZUHURA: Usiniambie! Mzee yule yule?

KASIMU: Yule yule wa bluu iliyopauka. Nilikuwa natupa kutoka mita saba hivi, akagonga bomba la katikati, akatumbukia kikapuni vizuri tu. Nilipomwokota, kidole kikakwama mahali. Nikamgeuza kwenye mwanga. Ufa, umeanzia ukingoni umeingia ndani, urefu wa kucha.

ZUHURA: Pole sana kaka yangu. Na wapo wasikilizaji wanaomtumia Mzee salamu kila kipindi.

KASIMU: Sasa sikiliza yaliyofuata. Nikatoa mwingine mpya. Kalibu ile ile, plastiki ile ile, gramu 174 kwa gramu 174. Nikasimama pale pale, nikatupa vile vile. Unajua alikwenda wapi?

ZUHURA: Kushoto.

KASIMU: Kushoto! Aligusa mnyororo wa mwisho kabisa, akatoka nje.

ZUHURA: Lazima. Wewe unatupa kwa mkono wa kulia, na diski mpya ukingo wake bado mkali, mwishoni inapopoteza mwendo inaangukia kushoto. Mzee amegongwa na vyuma na mawe mpaka ukingo wake umelainika na kushuka. Alishaacha zamani kukimbilia kushoto. Yule si diski uliyoinunua. Mikono yako imemzoea diski ambayo dukani haipo.

KASIMU: Ndiyo maana leo nikasema tuzungumze juu ya kuchagua diski za mazoezi ya umaliziaji, ile mitupo ya karibu ya kuingiza diski kikapuni. Nimepanga mambo manne: uzito, kituta cha chini ya ukingo, plastiki, na upepo. Tuanze na uzito.

ZUHURA: Subiri kwanza. Mzee yuko wapi sasa hivi?

KASIMU: Huyu hapa mezani.

ZUHURA: Umemleta studio? Basi asogezewe maikrofoni.

KASIMU: [anacheka] Amesogezewa. Uzito, sasa...

ZUHURA: Hapana, swali langu ni la kweli kabisa. Utamfanya nini? Maana sheria ya PDGA, chama cha wachezaji wa gofu ya diski, iko wazi: diski yenye ufa au tundu haichezwi kwenye mashindano. Ukikwaruzika ukingo, sawa, unaruhusiwa kupitisha msasa kidogo ukalainisha. Ufa hauna msasa.

KASIMU: Kwenye mashindano. Mimi nasema abaki kwenye rundo la mazoezi. Pale uwanjani kwangu hakuna refa.

ZUHURA: Ndipo tunapoachana. Kwa nini ufundishe mkono wako kwa diski ambayo siku ya mchezo hutaishika?

KASIMU: Kwa sababu ananipa mkono mzuri. Nikimtupa yeye kwanza, najua nimetupa sawa. Ndiyo kipimo changu.

ZUHURA: Kipimo kilichopasuka!

KASIMU: Ufa wa urefu wa kucha haubadilishi njia yake, dada. Nimemtupa baada ya hapo, anakwenda pale pale.

ZUHURA: Leo. Plastiki laini ikishaanza kupasuka haiishii hapo. Ukingo unaanza kucheza, kidole kinajirekebisha bila wewe kujua, na unayoyaita mazoezi yanakuwa ni ya Mzee peke yake.

KASIMU: Haya, tumsikie mwenyewe. [kimya] Amekataa kujibu.

ZUHURA: [anacheka] Anakubaliana nami. Lakini tuliseme jambo lenyewe sasa, maana Mzee ni mlango tu. Tatizo langu ni lile rundo. Unasimama na diski kumi mkononi mwa kushoto. Kumi kwa gramu 174, hiyo ni kilo moja na robo tatu. Ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, sheria inataka ukishaachia diski uonyeshe umesimama imara kabla hujasogea mbele. Sasa wewe unafanya mazoezi ya kusimama imara ukiwa na mzigo upande mmoja, na kila ukitupa mzigo unapungua. Mtupo wa kwanza mwili uko hivi, wa kumi uko vile. Kwenye mchezo mkono wa kushoto hauna kitu.

KASIMU: Ziweke chini basi, kwenye kiti. Hilo si kosa la rundo.

ZUHURA: Kosa lenyewe ni la pili. Diski ya kwanza ikienda kushoto, ya pili unasogeza mkono kidogo, ya tatu unaingiza. Unajipongeza. Uwanjani hakuna ya pili. Una mtupo mmoja, umetembea mpaka pale ilipotua, mapigo ya moyo yako juu, na ndiyo basi.

KASIMU: Lakini ile ya pili ndiyo somo! Nikitupa kumi zinazofanana na nane zikaenda kushoto, najua ni mkono wangu. Ukiwa na diski tatu tofauti, hii ina kituta, hii haina, hii inaelea sana, ikikosa utalaumu nini? Mkono au diski? Hujui. Diski za aina moja zinaondoa kisingizio.

ZUHURA: Zinafanana? Umetuambia sasa hivi kuwa mpya na Mzee wametoka kalibu moja na mmoja ameanguka kushoto! Rundo lako ni jina moja lenye tabia kumi.

KASIMU: Hapo umenigusa, lakini dawa ipo. Ziandike namba kwa wino upande wa chini, moja mpaka kumi. Kila zoezi lianze na namba tofauti, na zote zitoke kucheza kwa zamu, zichakae pamoja. Inayokosa upande ule ule kila mara, itoe. Hivyo ndivyo nilivyogundua namba nne yangu imevimba juu kuliko wenzake. Ukiiweka juu ya meza unaiona, kifua kimeinuka. Kalibu ni moja, lakini plastiki ilipoa vingine.

ZUHURA: Na ukishatupia saba kikapuni, ya nane inagonga nini? Inagonga wenzake. Inaruka nje, na ukingo unakwaruzika kwa diski badala ya minyororo. Kikapu kikijaa hakikupi jibu la kweli.

KASIMU: Toa kila baada ya tano.

ZUHURA: Basi anza na moja! Halafu kuna lile jaribio la Kerr na Booth, 1978. Watoto wanatupa vifuko vya maharage kwenye shabaha bila kuiona. Kundi moja likazoezwa kwa umbali ule ule watakaopimwa nao. Lingine likazoezwa kwa umbali mfupi zaidi na mrefu zaidi, ule wa mtihani halikuugusa. Siku ya kupimwa, waliochanganya ndio waliokaribia zaidi.

KASIMU: Nalijua jaribio hilo, na wewe unalivuta lisikofika. Walibadilisha umbali. Kifuko kilikuwa kile kile! Hilo linaniunga mkono mimi: shika diski za aina moja, badilisha mahali pa kusimama. Mita tano, mita nane, mita sita, kulia, kushoto, goti chini.

ZUHURA: Linaniambia kwamba mkono unajifunza pale unapolazimika kufikiri upya. Ukitupa kumi mfululizo kutoka pale pale, unafikiri mara ya kwanza tu. Ukienda kuokota na kurudi, kila mtupo ni swali jipya. Diski moja inakulazimisha. Rundo linakuruhusu ulale.

KASIMU: Rundo linanipa mitupo mia ndani ya muda ambao wewe umetupa ishirini na umechoka kutembea. Anayeanza anahitaji kujua kwanza diski inavyotoka kidoleni, na hilo halipatikani kwa ishirini.

ZUHURA: Ishirini zilizo macho.

KASIMU: Mia.

ZUHURA: Sikubali.

KASIMU: Wala mimi.

ZUHURA: Mzee anasemaje?

KASIMU: Mzee amekaa kwenye rundo miaka yote hii, kura yake unaijua.

ZUHURA: Na rundo ndilo lililompasua! [wanacheka wote]

KASIMU: Naona naonyeshwa saa hapa. Dakika mbili. Uzito hatujagusa.

ZUHURA: Upesi: sheria inaruhusu mpaka gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na kipenyo hakipungui sentimita 21. Zidisha, unapata 174 na ushee. Ndiyo maana diski nyingi za kumalizia zimeandikwa 174, au 175 zikiwa pana kidogo. Usichanganye ya 165 na ya 175 kwenye zoezi moja, mkono utazitofautisha.

KASIMU: Hapo tumekubaliana. Kituta?

ZUHURA: Ni ule mstari ulioinuka chini ya ukingo. Judge, diski ya kampuni ya Dynamic Discs, inacho, Warden ni ndugu yake asiye nacho. Zishike zote mbili kabla ya kununua rundo, usifuate maneno ya mtu, kiganja chako ndicho kinachojua. Na usifuate namba peke yake, zile nne za kasi, kuelea, kugeuka mwanzoni na kuangukia upande mwishoni. Aviar ya Innova ni 2, 3, 0, 1, inaelea. Berg ya Kastaplast ni 1, 1, 0, 2, haielei, ikitua imetua. Mtu aliyezoea moja akipewa nyingine kwa mita tisa, atapitiliza au hatafika.

KASIMU: Plastiki, mimi nasema ile ya kawaida, ya bei nafuu. Inashika kidoleni, inang'ang'ania minyororo. Inachakaa haraka, kweli, lakini kwa umaliziaji mchakao wenyewe ndio mtamu.

ZUHURA: Mpaka ipasuke.

KASIMU: Mpaka ipasuke, ndiyo. Upepo haupo tena, jamani. Nilikuwa na kurasa mbili za upepo hapa.

ZUHURA: Kuna aliyetuuliza: upepo wa mbele, abadilishe diski au ashushe pua, yaani ukingo wa mbele, ya ile ile?

KASIMU: Ashushe pua.

ZUHURA: Abadilishe! Ndiyo maana nasema asizoee moja ya...

KASIMU: Ulisema diski moja sasa hivi!

ZUHURA: Moja kwa wakati mmoja, kaka, sikusema...

KASIMU: Wiki ijayo, dada. Wametukatia.