Askari Akirudi Kutoka Vitani: Ugomvi Unaanzia Wapi?

Assalamu alaykum. Wakuu wa vikosi, wauguzi, na nyinyi wazee mlioacha shughuli zenu mkaja.

Kwenye baraza zetu, Unguja na Pemba, husemwa kuwa vita humharibu mtu. Tuipime kauli hiyo. Mwaka 2013 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa askari 13,856 wa Uingereza, walio kazini na waliotoka. Kumbukumbu zao zilioanishwa na za polisi, na hapo ndipo penye nguvu yake: hakutegemewa mtu kujisema makosa yake. Asilimia 17 ya wanaume walikuwa na rekodi ya uhalifu kwa kosa lolote. Makosa ya kutumia nguvu yaliongoza, asilimia 11.

Kupelekwa Iraq au Afghanistan peke yake hakukuongeza makosa hayo. Kilichoongeza ni kupigana mstari wa mbele: hatari ilizidi kwa kama nusu. Tena umri mdogo, cheo cha chini, na aliyekuwa mgomvi kabla hajavaa gwanda.

Baada ya kurudi, ulevi na kiwewe kila kimoja kilienda na hatari ya takriban mara mbili. Na katika dalili za kiwewe, iliyofungamana zaidi na ugomvi ni ile ya mwili kukaa chonjo. Mlango ukibamizwa, anaruka. Mkahawani huchagua kiti cha ukutani apate kuona mlango. Mtoto akimgusa usingizini, mkono umeshanyanyuka kabla hajamtambua. Mwili unaendelea na lindo lililomwokoa. Akinywa ili alale, pombe humkatia usingizi usiku wa manane, na asubuhi hasira i karibu zaidi.

Kuna dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani kuhusu pombe, alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni unywaji wa hatari. Linaharibika likijazwa siku ya kurejea, kila mtu akitaka kwenda kwao, au majibu yakisomwa na mkuu wake. Kwetu pombe hufichwa kwa aibu, na jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, linatisha watu. Ukianza na pombe, utajibiwa “sinywi”, basi. Anzeni na usingizi: analala saa ngapi, anashtuka mara ngapi. Dalili zikipita mwezi mmoja, apelekwe kwa daktari, na la pombe aulizwe huko, faragha.