Macho makubwa si uchawi

Wapapa na wamama, nimeyasema haya Kadutu, nimeyasema Bagira, leo nayarudia: mnasema bundi ni wa mchawi kwa sababu ya macho yake, lakini jicho kubwa ni jicho linalotafuta mwanga, basi.

Mchukueni tumbili wa usiku. Anapatikana kuanzia Panama mpaka kaskazini ya Argentina, uzito wake kama kilo moja. Tumbili wengine wote wa dunia wanalala giza likiingia. Yeye na jamii yake ndio wanaamka. Mtaniambia: "Mwalimu, na komba wetu je?" Komba si tumbili! Komba ana kitu kama kioo nyuma ya jicho, ndiyo maana ukimmulika na toshi macho yanawaka. Huyu tumbili wa usiku hana, kwa sababu mababu zake walikuwa wa mchana. Jicho lake limekua tu ili linase mwanga mdogo wa mwezi, na rangi haoni.

Bundi naye amefika hapohapo kwa njia yake. Jicho lake ni refu kama bomba, limeshikwa na mfupa, halizunguki. Kwa hiyo anazungusha shingo, nyuzi 270. Na shingo hiyo ndiyo mnayoikimbia! Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja, bundi ameingia darini. Nilipofika walikuwa wameshamuua kwa mawe, ule uso mweupe wenye umbo la moyo umejaa damu. Pembeni magunia ya maharagi, panya wameyatoboa. Nikapanda darini, nikateremsha madonge ya mifupa na manyoya anayotapika bundi, nikapasua moja mbele ya watoto: mafuvu matatu ya panya. La pili: mawili. Nikawaambia, mlinzi wa magunia mmemzika, wezi mmewaacha. Mzee mmoja akajibu kwamba hata bundi wa mchawi anakula panya. Sawa, mzee wangu, na yule tumbili wa Panama katumwa na mchawi gani? Macho ni yaleyale!

Masikio napita haraka. Ya tumbili yamezama manyoyani, mpaka wataalamu wakamwita Aotus, asiye na masikio. Ya bundi yule mweupe hayalingani, moja juu, moja chini, ndivyo anavyomkamata panya gizani kwa sauti peke yake. Tena, kwa tumbili huyo baba ndiye anayebeba mtoto mgongoni. Hilo siku nyingine.

Naona saa imeisha. Milimani Itombwe, hapahapa Kivu ya Kusini, mwaka 1951 alipatikana bundi ambaye wataalamu hawakuwa wanamjua. Wa pili alinaswa kwa wavu mwaka 1996. Miaka 45! Kama kuna mtu wa Itombwe humu ndani, asitoke kabla sijaongea naye.